Mpangaji Halipi Mkopo Wako

Mfyuu! Kuna sentensi moja imehamia hapa Porte de Namur, Brussels, na haina haraka ya kuondoka. Utaikuta nje ya mlango wa metro, utaikuta kwa vinyozi wa Galerie d'Ixelles, utaikuta kwenye foleni ya sombe na samaki wa chumvi pale Chaussée de Wavre. Inasema hivi: "Nunua nyumba, weka mpangaji, mpangaji atakulipia mkopo." Vijana wameichota kwenye video za simu, kwa watu wanaozungumzia nchi nyingine na sheria nyingine. Wanaileta hapa kijiweni wakiwa wameshaamini. Mimi nasonya, na sababu nitaitaja moja baada ya nyingine, maana atakayeumia si mtu wa video. Atakayeumia ni mdogo wetu aliyekusanya fedha kwa zamu za usiku hospitalini, au dada yetu anayesafisha ofisi kabla jua halijachomoza.

Kwanza nimpe haki yake mwenye hamu ya nyumba. Hamu hiyo ina mizizi. Maison Africaine ilifunguliwa hapa Ixelles mwaka 1961 kuwapokea wanafunzi waliotoka Kongo, na miaka iliyofuata mitaa hii ikachukua jina la Matonge, jina la mtaa wa Kinshasa. Tarehe 30 Juni 2018 jiji likaupa uwanja mdogo hapo juu jina la Patrice Lumumba, nasi tukapiga makofi, na makofi yale yalistahili. Lakini tazameni nani anashika hati za majengo haya. Wengi wetu tunaokuja kusuka, kula na kusikia habari za nyumbani, usiku tunarudi kulala Anderlecht, Molenbeek, Schaerbeek au Evere, kwenye nyumba za watu. Upande mmoja wa barabara kuna maduka ya fahari ya Toison d'Or, na ukitembea kidogo upande mwingine unafika Bunge la Ulaya. Sisi tuko katikati, tumeutia mtaa uhai, na pango tunalilipa kwa wengine. Anayesema "sasa na mimi nataka kumiliki" hajakosea hata kidogo.

Tena kuna jambo la pili lililoongeza moto, na watu wa Kivu wanalijua kwa uchungu. Kwa miaka mingi yuro zetu zilikuwa zinakwenda nyumbani kuwa matofali. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikamwaga lava hadi kwenye mitaa ya pembeni mwa Goma. Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, Februari wakaingia Bukavu, na benki za Goma zikafunga milango. Wapo waliokuwa wakipokea pango la nyumba zao kila mwezi, na ghafla hakuna kinachopita. Mtu wa namna hiyo akikuambia kwamba safari hii atanunua hapa, penye notari na mahakama, utamjibu nini? Utamwambia ana akili. Halafu utamwomba akae, mhesabu pamoja.

Basi tuhesabu. Tuchukue fleti ya chumba kimoja kwa yuro 250,000. Ni mfano wangu tu, ili tarakimu zikae mahali pamoja. Kijana wetu ana akiba ya 40,000 na anaona ana kianzio cha kutosha. Tangu Januari 2020 Benki Kuu ya Ubelgiji imezielekeza benki kwamba mtu anayenunua nyumba ya kupangisha, kwa kawaida, asikopeshwe zaidi ya asilimia 80 ya thamani. Anayenunua ili akae mwenyewe anaruhusiwa 90, na mnunuzi wa mara ya kwanza anaweza kupewa hata zaidi. Kwa hiyo 50,000 zinatoka mfukoni mwako. Bado. Mkoa wa Brussels unatoza ushuru wa kuandikisha umiliki wa asilimia 12.5, na kwa fleti yetu hizo ni 31,250, nazo unazitoa mwenyewe. Bado. Rehani nayo ina ushuru wake, asilimia 1 ya kuandikisha hati na 0.3 juu yake. Halafu kuna ujira wa notari, ambao serikali imeupangia viwango, na gharama za makaratasi. Jumlisha: umepita 85,000 kabla hujanunua hata balbu moja.

Mzee mmoja wa Bukavu akisikia hesabu hii huuliza, "Mutoto, wewe uliona wapi hiyo elfu arobaini yako inatosha?" Na kijana hunyamaza. Si kwamba hakusoma shule. Bei aliiona kwenye dirisha la dalali, na dirishani wanabandika bei peke yake.

Sasa tugeuze ukurasa, twende kwenye mwezi. Umekopa 200,000 kwa miaka 20, riba tuseme asilimia 3.5. Marejesho ni karibu yuro 1,160 kila mwezi. Pango tuliweke 1,000. Tayari unaongeza 160 kila mwezi, na hatujagusa kodi ya mwaka ya jengo, ambayo sheria inakukataza kumsukumia mpangaji anayeishi humo. Hatujagusa bima, wala mchango wa jengo, wala boila inayozimika Desemba, wala miezi miwili ambayo fleti imekaa tupu kwa sababu mpangaji mmoja ameondoka na mwingine hajapatikana. Mpangaji anachangia, ndiyo. Anayelipa mkopo ni wewe, kwa mshahara wako, na siku mshahara ukikatika benki haitamtafuta mpangaji.

Nafuu ipo, na haki lazima isemwe. Kwa sheria ilivyo, ukimpangisha mtu binafsi kwa ajili ya kuishi, serikali haikutozi juu ya pango halisi unalopokea. Inatoza juu ya kipato cha kadasta, yaani pango la kukadiriwa la nyumba, kilichopandishwa kwa indeksi ya bei na kuongezwa asilimia 40. Mara nyingi hiyo ni chini sana ya pango lenyewe. Nafuu hiyo ndiyo inayowafanya wenye majengo wa zamani wapumue. Haimsaidii asiyekuwa na fedha za kuingilia mlangoni.

Hapo ndipo linapokuja shauri la kichochoroni. Tangu Aprili 2023, anayenunua nyumba ya kuishi mwenyewe hapa Brussels, na hana nyumba nyingine, anasamehewa ule ushuru kwenye yuro 200,000 za kwanza, ilimradi bei haizidi 600,000. Kwa fleti yetu atalipa 6,250 badala ya 31,250. Sasa kuna watu wanawanong'oneza vijana: "Andika kwamba utakaa mwenyewe, halafu weka mpangaji kimyakimya." Mfyuu! Mfyuu tena! Sharti la msamaha ule ni kuishi humo miaka mitano mfululizo. Daftari la komini linaonyesha kila mtu anaishi wapi, na polisi wa mtaa anakuja kugonga mlango kuhakikisha. Ukikamatika unadaiwa ushuru wote na nyongeza juu yake. Huyo aliyekunong'oneza hutamwona siku hiyo.

Nije kwenye kalamu, maana hapa ndipo wanaumia wengi. Kwetu mtu anaweza kuahidi kununua, akarudi nyumbani, akaongea na mkewe, akabadili nia, na wazee wakasuluhisha. Ubelgiji mauzo yanakamilika pale tu pande mbili zinapokubaliana juu ya kitu na bei. Dalali anakuletea karatasi moja yenye neno "offre". Unaona ni ofa tu, unaandika bei, unatia saini. Mwenye nyumba akiikubali ndani ya muda ulioandikwa, umenunua. Kompromi, yaani mkataba wa awali wa mauzo, itafuata, hati ya notari itafuata ndani ya miezi minne, lakini kamba ilishafungwa na ile karatasi moja. Kama hukuandika kwamba unanunua kwa sharti la kupata mkopo, na benki ikakukatalia, kompromi nyingi zinasema utalipa asilimia 10 ya bei. Kwa fleti yetu ni yuro 25,000 kwa nyumba ambayo hutalala humo hata usiku mmoja.

Kwenye mnada wa Biddit, ule wa manotari wa mtandaoni ulioanza 2018, tahadhari ni mara mbili. Unabonyeza bei ukiwa kwenye kochi lako, na bei uliyobonyeza inakufunga. Kwa kawaida sharti la mkopo halipo kabisa. Usiingie kule kabla benki haijakupa jibu.

Na jambo hili liandikeni mahali: mnunuzi ana haki ya kuleta notari wake mwenyewe. Notari wawili hawakugharimu zaidi ya mmoja, wanagawana ujira uleule. Ndugu zetu wengi wanakubali notari wa muuzaji kwa kuogopa gharama ambayo haipo. Wanakaa mezani peke yao, Kifaransa cha sheria kinapita juu ya vichwa vyao, wanatikisa vichwa, wanasaini. Mpelekee notari wako ile ofa kabla hujaitia saini. Hapo anaweza kukuokoa. Baada ya hapo kazi yake ni kuandika.

Haya, tuingie ndani ya nyumba yenyewe. Tangazo linasema: jengo la ghorofa tatu Ixelles, fleti nne, mapato mazuri. Unapanda ngazi, kweli unaona milango minne na majina manne kwenye kengele. Lakini nenda kaombe maelezo ya ujenzi kwa komini, yale ambayo notari huyadai kabla ya mauzo. Yanaonyesha serikali inatambua makazi mangapi humo. Yapo majengo mengi ya zamani hapa ambayo kwenye karatasi ni nyumba ya familia moja. Mtu fulani aliyawekea kuta za mbao miaka ya nyuma bila kibali, akapangisha vipande. Ukinunua, kosa lile linakuwa lako, kwa sababu hapa Brussels hata kuuacha uendelee ujenzi usio na kibali ni kosa. Mapato ya fleti nne uliyopigia hesabu yanabaki ya moja au mbili.

Vipimo navyo vina sheria. Makazi ya mtu mmoja yasipungue mita za mraba 18, watu wawili 28, watatu 33. Dari, mwanga, unyevu, gesi, umeme, vyote vina kiwango. Ukaguzi wa makazi wa mkoa ukija na kukuta vimepungua, unaweza kukupiga marufuku kupangisha na kukutoza faini. Yule dalali aliyesema "hapa vinatoka vyumba sita vya wanafunzi, chuo kiko karibu" hatakuwepo.

Halafu cheti cha PEB, kile cha nishati, chenye herufi kutoka A hadi G. Mnunuzi mpya anavutwa na nyumba ya F au G kwa sababu bei yake iko chini. Ajue kwa nini iko chini. Oktoba 2022, mfumuko wa bei Ubelgiji ulipofika asilimia 12.27, mkoa ulikataza nyumba za F na G kupandishiwa pango kwa indeksi mwaka mzima, na za E zikaruhusiwa nusu tu. Baada ya mwaka huo indeksi ikarudi kwa nyumba hizo ikiwa imepunguzwa kwa hesabu maalumu. Na kanuni zilizopitishwa 2024 zinaielekeza Brussels mahali ambapo F na G hazitakuwa na nafasi kuanzia 2033. Anayenunua G leo ananunua pia paa la kesho, madirisha ya kesho na mfumo mwingine wa kupasha joto. Weka gharama hiyo kwenye bei kabla hujafurahia bei.

Kama ni fleti ndani ya jengo la wengi, peke yako huna uamuzi. Kuna mkutano wa wamiliki na kuna sindiki anayesimamia. Sheria inataka mnunuzi apewe kumbukumbu za mikutano ya miaka mitatu iliyopita. Watu wanazipokea, kurasa arobaini za Kifaransa au Kiholanzi, wanaziweka chini ya mto. Someni! Mle ndani ndimo lifti imelalamikiwa kila mwaka. Mle ndimo wamepiga kura kutengeneza uso wa jengo. Mle ndimo jirani wa ghorofa ya pili hajalipa mchango na kesi iko mahakamani. Kama Kifaransa chako hakitoshi, mlete mpwa wako aliyesoma hapa, mkalishe Jumapili, mpikie, asome kwa sauti, nawe uandike.

Tumefika kwa mpangaji mwenyewe, na hapa naomba tuheshimiane.

Kuna malalamiko yanazunguka kijiweni kwamba sheria za Brussels zinampendelea mpangaji. Ni kweli zinamlinda. Tangu Novemba 2024 amana haiwezi kuzidi pango la miezi miwili. Pango likizidi gridi ya marejeo ya mkoa kwa asilimia 20 linaweza kuhesabiwa kuwa la kupindukia. Tangu 2023, kuanzia 1 Novemba hadi 15 Machi, mpangaji hatolewi nje kwa nguvu, isipokuwa kwa sababu chache. Mkataba usipouandikisha, mpangaji wa miaka tisa anaweza kuondoka bila notisi wala fidia, na indeksi huwezi kuidai. Kuuandikisha ni bure! Na ukinunua nyumba yenye mtu ndani, mkataba wake ulioandikishwa unaurithi jinsi ulivyo. Tena siku hizi, nyumba ikiuzwa, mpangaji anayeishi humo ana haki ya kupewa nafasi ya kwanza ya kuinunua.

Sasa nawauliza nyinyi mnaolalamika: sheria hizi ziliandikwa kwa ajili ya nani? Ni nani aliyekaa na watoto watatu kwenye chumba chenye ukungu ukutani? Ni nani aliyepiga simu kuuliza fleti, akataja jina lake, akaambiwa imeshachukuliwa, halafu rafiki yake mwenye jina la hapa akapiga baada ya dakika kumi akapewa miadi? Unia, taasisi ya kupambana na ubaguzi, inapokea malalamiko ya namna hiyo, na Brussels imeweka sheria ya kuwapima wapangishaji kwa simu za majaribio. Sisi ndio tuliokuwa upande wa pili wa simu hizo. Leo mmoja wetu amepata jengo, na neno la kwanza linalomtoka kwa dalali ni, "Usiniletee Waafrika." Mfyuu! Hapo nasonya mpaka meno yauma. Na yule mwingine anayewalaza watu wanane kwenye chumba kimoja kwa sababu hawana makaratasi, akijua hawatakwenda polisi, sheria ya Ubelgiji imemwekea jela tangu 2005, na haki yake iko hapo.

Mimi nasema anayetaka kuwa mwenye nyumba apige hesabu yenye nafasi ya mpangaji kuugua, kupoteza kazi, kuchelewa miezi mitatu. Kama hesabu yako inavunjika mpangaji akichelewa mwezi mmoja, basi nyumba ile hukuwa na uwezo nayo, na utageuka mkatili hata kama mama yako alikulea vizuri. Wenye nyumba wakali tuliowajua, wengine ukali wao ulitokana na madeni.

Kuna anayesema, "Mimi nitanunua jengo lenye duka chini, hapohapo Chaussée de Wavre, saluni inalipa vizuri." Sawa, kaka. Sheria ya pango la biashara ya 30 Aprili 1951 inampa mwenye saluni miaka tisa, na haki ya kuomba kuongezewa mara tatu. Katikati ya miaka hiyo humwondoi kwa sababu umepata mwenye kulipa zaidi. Na kwa kuwa anatumia mahali pale kwa biashara, serikali inakutoza kwenye pango halisi, ile nafuu ya kadasta inapotea. Si kwamba ni vibaya. Ni hesabu nyingine, na lazima uifanye peke yake.

Mwingine anasema, "Basi tuungane. Likelemba, mchango wetu wa zamu, tunacheza kila mwezi, kwa nini tusinunue jengo watu watano?" Wazo ni zuri na moyo wake ni mzuri. Lakini likelemba kila mtu anapata zamu yake, na nyumba haina zamu. Mkishika mali pamoja, sheria inampa kila mmoja haki ya kudai kutoka. Mnaweza kuandikiana kubaki pamoja, lakini si milele. Mmoja akiachana na mkewe, mmoja akafa akaacha watoto wadogo, hamuuzi tena bila jaji wa amani kuidhinisha kwa niaba ya watoto. Kabla ya kuchanga yuro ya kwanza, andikeni kwa notari: anayetoka analipwa vipi, bei inapimwa na nani, boila ikifa nani anatoa. Urafiki wenu utadumu kwa sababu mmeandikiana.

Na yule mwenye hasira anayesema, "Nyie kaeni na makaratasi yenu, mimi narudi kujenga nyumbani," naye asikilize. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973, udongo ni wa dola, na konsesheni ya kudumu, yaani haki ya kutumia ardhi bila kikomo, inatolewa kwa Mkongomani tu. Katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Kwa hiyo uliyechukua pasipoti ya Ubelgiji, kiwanja chako cha Bukavu kinaingia kwenye konsesheni ya kawaida, miaka 25 na kuomba upya. Ndugu wa Kenya ana nafuu, kwa kuwa katiba ya 2010 inamruhusu kubaki na uraia wa nchi mbili. Asiye raia kule anapata ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Na popote utakapojenga, ukiwa mkazi wa Ubelgiji unatakiwa kuitangaza nyumba hiyo kwa wizara ya fedha ya hapa, kwa sheria ya Februari 2021, ili ipewe kipato chake cha kadasta. Wengi hawajatangaza. Barua itakapofika, itawakuta na deni la faini.

Basi yule kijana wa elfu arobaini tumwambie nini? Tumwambie asinunue? Hapana! Tumwambie aanze kwa nyumba ya kulala yeye mwenyewe. Turudie fleti ileile ya 250,000. Benki inaweza kumpa 225,000. Anatoa 25,000 zake, ushuru wa 6,250, kisha rehani, notari na makaratasi, na elfu arobaini zake zinakaribia kutosha, akibana kidogo au akiwekeana na mkewe. Marejesho kwa miaka 25 na riba ileile ni karibu yuro 1,126, na leo tayari anamlipa mtu pango. Fedha zilezile zilizoshindwa kufungua mlango wa nyumba ya kupangisha zinafungua mlango wa nyumba ya kukaa. Sheria ya Brussels imekusudia hivyo, na kwa mtu anayeanza imekusudia vema.

Akiishi humo atajifunza yale ambayo hakuna video inayofundisha. Ataketi kwenye mkutano wa wamiliki na kuinua mkono. Atamjua fundi wa boila anayekuja na yule anayeahidi tu. Ataona bili ya joto ya nyumba yenye herufi D ikiwa mkononi mwake. Miaka mitano ikitimia, sharti la ushuru limekwisha na sehemu ya deni imepungua. Hapo ndipo afikirie mpangaji, akijua nyumba inakula kiasi gani kwa mwaka.

Na nyinyi wazee wetu mnaomiliki majengo tangu miaka ya tisini, mpo, tunawajua, mnapita hapa na kusalimia. Mnawaambia vijana "mimi nina nyumba tatu," na hamwaambii ya nne iliyopigwa mnada. Semeni yote. Leteni kompromi zenu za zamani, barua za sindiki, hukumu za jaji wa amani, zisomwe mezani na watoto hawa. Kijana akisoma karatasi moja iliyokugharimu wewe, amepata elimu ambayo benki haimpi, dalali hamtaki aipate, na notari ana dakika ishirini tu za kumweleza. Likelemba ya namna hiyo tunaiweza sote, na tuianze wiki hii.